Pole si fidia

Kuna maneno mawili ambayo tunayachanganya sana mtu anapoumia kazini: pole na fidia. Pole unapewa, fidia unadai. Pole inatoka kwenye huruma ya mtu, na akiamua kukunyima huna pa kumshitaki. Fidia ni deni. Anayedaiwa anaweza kuwa na huruma au asiwe nayo, anatakiwa kulipa.

Nimekuwa nikifuatilia historia ya jambo hili kwa muda sasa, mwanzoni kwa sababu za kikazi, baadaye kwa sababu ya hasira. Na hasira yenyewe ilianzishwa na tarakimu moja: 108,000.

Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha juu kabisa cha fidia, kwa shilingi zetu za Tanzania, ambacho mfanyakazi aliyepata ulemavu wa kudumu kazini angeweza kulipwa chini ya sheria yetu ya zamani, ile Sura ya 263. Akifa, familia yake isingepata zaidi ya shilingi 83,000. Hesabu ilianzia kwenye mshahara wa mhusika, sawa, lakini juu yake liliwekwa dari, na dari likabaki pale pale wakati bei za vitu zinapaa.

Ili ujue uzito wa tarakimu hiyo, tazama amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2013. Mfanyakazi wa viwandani na wa biashara alipangiwa asilipwe chini ya shilingi 115,000 kwa mwezi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukichukua dari la Sura ya 263 ukaliweka kando ya mshahara huo, unakuta kwamba mtu aliyepoteza mikono yote miwili thamani yake kisheria haikufika mshahara wa mwezi mmoja wa mlipwaji wa chini kabisa kiwandani. Hapo huwezi kusema tena kwamba ni fidia ndogo. Hiyo ni pole iliyoandikwa kwa lugha ya sheria.

Sasa tulifikaje hapo? Lazima tuanzie mbali kidogo, kwa sababu sheria hiyo hatukuitunga sisi.

Mwaka 1837 huko Uingereza mahakama iliamua kesi ya kijana aliyekuwa akifanya kazi kwa muuza nyama. Kijana anaitwa Charles Priestley, tajiri wake Thomas Fowler. Siku moja alipandishwa kwenye mkokoteni wa farasi uliojazwa nyama kupita kiasi, ukavunjika, naye akavunjika paja. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa pauni 100. Mahakama ya juu ikafuta. Jaji Lord Abinger alisema, kwa kifupi, kwamba mfanyakazi halazimishwi kupanda mkokoteni anaouona ni wa hatari, na kwamba ukimruhusu huyu kudai basi madai hayatakuwa na mwisho.

Kutokana na kesi hiyo lilikua fundisho kwamba ukiumizwa na uzembe wa mfanyakazi mwenzako, tajiri hahusiki. Ongeza na mengine mawili yaliyotumiwa na mahakama za wakati ule: ukijua kazi ni ya hatari ukaifanya, umeikubali hatari yenyewe, na ukichangia kwa uzembe wako hata kidogo, hupati kitu. Hebu niambie, katika kiwanda chenye watu mia tano, ni ajali gani isiyoingia katika moja ya mafungu hayo matatu? Kwa miaka mingi mfanyakazi aliyeumia alibaki na njia moja tu: kusubiri tajiri aje hospitali na pole.

Waliovunja utaratibu huo mapema walikuwa Wajerumani, na si kwa sababu Bismarck alikuwa mpenzi wa wafanyakazi. Alikuwa akiwaogopa wanasoshalisti. Sheria yao ya bima ya ajali ya mwaka 1884 ilisema waajiri wachangie mfuko, na mfanyakazi akiumia alipwe kutoka kwenye mfuko huo bila kuulizwa nani alikosea. Aliyeshindwa kabisa kufanya kazi alipata theluthi mbili za mshahara wake. Ona jambo hilo: theluthi mbili za mshahara. Siyo kiasi fulani cha fedha kilichoandikwa kwenye karatasi, bali sehemu ya kile alichokuwa akipata.

Waingereza walifuata mwaka 1897, lakini kwa njia yao. Hawakuunda mfuko. Walimwambia kila mwajiri abebe mzigo wake mwenyewe, na wakaweka dari. Mtu akifa, familia ilipewa mishahara ya miaka mitatu iliyopita, isipungue pauni 150 wala isizidi 300. Aliyeumia alipata nusu ya mshahara wa wiki, isizidi pauni moja. Kwa wakati ule ilikuwa hatua kubwa, maana mfanyakazi hakutakiwa tena kuthibitisha kwamba tajiri amekosea. Lakini mbegu mbili mbaya zilikuwa tayari ndani yake: dari la fedha, na mwajiri mmoja mmoja ambaye akifilisika unafilisika naye.

Marekani nako mambo hayakuwa laini. Tarehe 24 Machi 1911 Mahakama ya Rufaa ya jimbo la New York ilibatilisha sheria ya fidia ya jimbo hilo, kwa hoja kwamba kumlipisha mwajiri asiye na kosa ni kumnyang'anya mali yake kinyume cha katiba. Kesho yake, tarehe 25 Machi, moto ukawaka katika kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa. Wenye kiwanda walishitakiwa wakaachiwa huru, na kesi za madai zilipomalizwa mwaka 1914 walikubali kulipa dola 75 kwa kila marehemu waliyedaiwa. Wenyewe bima yao ilikuwa imewalipa kiasi kilichozidi hasara waliyothibitisha. Ilibidi jimbo la New York libadilishe katiba yake mwaka 1913 ndipo sheria ya fidia ikasimama.

Katika nchi nyingi kilichofikiwa miaka hiyo ni mapatano. Mfanyakazi anaachia haki ya kumpeleka tajiri mahakamani kudai mamilioni ambayo huenda asiyapate. Tajiri naye anaachia haki ya kubisha kwamba hakukosea. Katikati yao kunawekwa malipo ya uhakika, ya haraka, ya kiasi kinachojulikana. Kwa maoni yangu si mapatano mabaya. Lakini yana sharti moja ambalo watu hulisahau: malipo hayo yabaki na thamani. Thamani ikiyeyuka, upande mmoja umeachia haki yake bure.

Haya, turudi nyumbani.

Tanganyika ya mkoloni ilisimama juu ya mkonge. Zao lenyewe lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia miaka ya 1950 mashamba ya Tanga, Morogoro na kwingineko yalikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000. Wengi waliletwa kwa mkataba kutoka mbali. Ndio hao manamba, watu walioitwa kwa namba. Kazi ya shambani ilikuwa ya miiba na panga, na ya kiwandani ilikuwa ya korona, ile mashine ya kuchambua majani ili kutoa singa. (Ndiyo, korona. Jina lilikuwapo Tanga miaka mingi kabla ya 2020.) Mashine ya kuchambua jani gumu la mkonge haishindwi na mkono wa mtu.

Na sheria ya kazi ilikuwa inalinda nini? Sheria ya mabwana na watumishi wa kienyeji ya mwaka 1923 ilimpa mwajiri uwezo wa kumshitaki mfanyakazi aliyetoroka kazini kama mhalifu. Uhusiano wa kazi ulikuwa wa bwana na mtumishi, na jina la sheria lenyewe halikuficha. Katika hali hiyo fidia ingetoka wapi? Kulikuwa na pole, na mara nyingi hata hiyo hapakuwapo.

Baadaye shinikizo likaja. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limepitisha mkataba wa fidia kwa ajali kazini tangu mwaka 1925. Wafanyakazi wa makoloni nao walianza kugoma. Hapa kwetu mgomo wa wapagazi wa bandari ya Dar es Salaam wa mwaka 1947 ulisambaa hadi miji mingine. Nigeria ilipata sheria yake ya fidia mwaka 1941, na Tanganyika ikapata yake mwaka 1949. Ndiyo hiyo iliyokuja kuwa Sura ya 263.

Sasa sikiliza kichekesho kinachouma. Julai 1948, mwaka mmoja kabla, Waingereza walikuwa wameizika sheria yao ya fidia ya mtindo huo. Waliona haifai: mwajiri anabisha, kampuni ya bima inabisha, mfanyakazi mgonjwa anasainishwa malipo madogo kwa sababu ana njaa. Wakaweka mahali pake mfuko wa taifa wa bima ya majeraha ya kazini. Yaani vazi walilolivua wao mwaka 1948 ndilo tulilovishwa sisi mwaka 1949. Mtumba wa sheria.

Mkoloni alikuwa na sababu zake. Swali gumu zaidi ni la kwetu. Tulipata uhuru mwaka 1961. Viongozi wetu kadhaa walitoka kwenye vyama vya wafanyakazi. Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wa TFL kabla ya kuwa Waziri Mkuu. Mwaka 1967 tukatangaza kwamba nchi ni ya wakulima na wafanyakazi, na sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikataifishwa. Lakini mtindo wa fidia ulibaki ule ule wa 1949. Mzigo ulikuwa kwa mwajiri mmoja mmoja, na dari lilikuwa la shilingi.

Na shilingi yenyewe tunaijua. Mwaka 1980 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 8. Katikati ya mwaka 2015 ilikuwa imepita 2,000. Fanya hesabu mwenyewe. Shilingi 108,000 kwa bei ya 1980 ni zaidi ya dola 13,000, fedha ya kujengea nyumba na kuanzisha maisha mapya. Shilingi hizo hizo mwaka 2015 zilikuwa kama dola 50. Hakuna bunge lililopiga kura kuwanyang'anya walemavu haki yao. Haikuhitajika. Walichotakiwa kufanya wakubwa ni kukaa kimya tu, shilingi ikafanya kazi hiyo peke yake.

Hapa nitawarudisha nyuma zaidi, kwa sababu neno fidia lenyewe lina historia. Tumelipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni malipo ya kukomboa mtu. Jamaa yake wa karibu kimaana ni dia, malipo ya damu ambayo watu wa pwani wanayafahamu kupitia sheria ya Kiislamu. Dia haikuwekwa kwa ajili ya ajali za viwandani, najua. Lakini tazama ilivyopimwa: ngamia 100 kwa nafsi, ngamia 10 kwa kila kidole. Ngamia. Waliopanga walitumia mali ambayo kila mtu anaiona na kuijua. Ngamia wa leo anabeba mzigo kama ngamia wa miaka elfu moja iliyopita. Sisi na wachumi wetu wote tulipima kidole kwa noti, kisha tukaacha noti ioze.

Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka huo. Iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015. Ndiyo, miaka saba baadaye. Ukihesabu tangu Waingereza waingie kwenye mfuko wa taifa mwaka 1948, sisi tumewafuata baada ya miaka 67.

Lakini tuseme haki. Sheria hii imebadilisha mambo mawili ya msingi. Kwanza, mzigo umetoka kwa mwajiri mmoja na kuwekwa kwenye mfuko wa wote. Waajiri ndio wanaochangia, na hairuhusiwi kumkata mfanyakazi. Mwanzo sekta binafsi ilichangia asilimia 1 ya mishahara na sekta ya umma asilimia 0.5, ya binafsi ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, na mwaka 2022 ikawa 0.5. Pili, malipo yamefungwa kwenye mshahara. Aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda analipwa asilimia 70 ya mshahara wake. Mwenye ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 anapata pensheni ya kila mwezi, na wa asilimia 30 kushuka chini analipwa kwa mkupuo. Kuna matibabu, kuna huduma za utengamao, kuna pensheni kwa wategemezi wa aliyefariki. Hiyo ni Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao.

Majirani zetu wa Kenya wamepita njia nyingine. Sheria yao ya 2007 inamtaka mwajiri akate bima, na ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mishahara ya miezi 96. Wanasheria waliipinga mahakamani, hoja mojawapo ikiwa kwamba huwezi kumlazimisha mfanyakazi aachie haki ya kwenda mahakamani. Kesi ikazunguka kwa miaka zaidi ya kumi, hadi Mahakama ya Juu ilipoithibitisha sheria hiyo Desemba 2019. Ni mapatano yale yale ya miaka ya 1900, yakijadiliwa upya Nairobi.

Je, kwetu kazi imekwisha? Niwasimulie kisa kimoja, majina nayaacha. Nilizungumza na kijana aliyekatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia na mashine kiwandani. Msimamizi alikuja wodini siku ya nne na juisi, bahasha yenye laki tatu, na karatasi. Kijana akasaini, kwa mkono wa kushoto.

"Kaka, ile hela mimi nilijua ni pole," aliniambia. "Kumbe karatasi ilisema ni fidia, na kwamba tumemalizana."

Hakuwahi kusikia habari za Mfuko. Mwajiri hakuwa amepeleka taarifa. Aliyemwamsha ni shemeji yake mwalimu, miezi kadhaa baadaye, na walipokwenda kufungua dai ulikuwa mwezi wa tisa tangu aumie. Sheria inataka dai lifikishwe ndani ya miezi 12. Dai lilipokelewa, lakini fikiria angechelewa miezi mitatu mingine. Laki tatu na juisi zingekuwa bei ya vidole vyake vitatu.

Kwa hiyo sheria nzuri peke yake haimalizi ile tabia ya zamani. Neno "tumalizane" lingali linatumika, na huletwa wakati mgonjwa ana maumivu, kodi ya nyumba inamngoja, na hajui kesho kama ana kazi. Ndivyo ilivyokuwa kwa wafanyakazi wa Uingereza kabla ya 1948 na kwa wafiwa wa Triangle. Anayetaka kukulipa kidogo anajua njaa yako ndiyo wakili wake.

Ukiumia, au ndugu yako akiumia, mambo ni machache tu. Mwajiri apewe taarifa mapema, na kwa maandishi. Vyeti vya hospitali vitunzwe, pamoja na karatasi za mshahara, kwa sababu hesabu yote inaanzia hapo. Dai lifike Mfukoni kabla ya mwaka kwisha, hata kama bosi anasema analishughulikia. Akileta bahasha, pokea kama pole na umshukuru, lakini usisaini karatasi usiyoielewa ukiwa kitandani. Makadirio ya ulemavu yakikuonea, omba yapitiwe upya.

Halafu kuna wale ambao hata haya hayawagusi. Saidia fundi kwenye jengo la mtu binafsi, kibarua wa siku wa shambani, dereva wa bodaboda. Hao ni wengi kuliko wenye mikataba. Wakiumia leo wako pale pale alipokuwa Charles Priestley mwaka 1837, wanategemea moyo wa mtu. Kwao safari ya kutoka pole kwenda fidia haijaanza, na sioni kelele za kutosha.

Na sisi tulio na mikataba tusilale. Dari la 108,000 halikuwekwa na watu wabaya. Liliwekwa, likasahauliwa. Asilimia 70 ya mshahara ni kinga nzuri, lakini pensheni inayopangwa leo italiwa na mtu kwa miaka thelathini ijayo, na bei za sokoni hazitamsubiri. Kila bajeti inaposomwa, mtu mmoja angeuliza: je, walioumia miaka kumi iliyopita, malipo yao bado yananunua kile yalichonunua mwaka ule? Tusipouliza, shilingi inajua kazi yake.

Naomba kuwasilisha.